Kiduha: gugu linalosikia njaa ya mahindi

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rorya, na nina shamba la ekari moja na nusu nililoachiwa na marehemu baba. Huu ni msimu wa tatu mahindi yananishinda. Yanaota vizuri, lakini yakifika magotini yanageuka njano kwa michirizi, yananyauka mchana hata kama mvua imenyesha juzi, na mengine hayabebi kabisa. Baadaye ndipo yanapochomoza yale majani yenye maua mazuri ya zambarau. Huku tunayaita kayongo, na vitabuni nimeona yakiitwa kiduha. Msimu uliopita nilipalilia mara tatu, yakarudi mengi zaidi. Kwenye duka la pembejeo niliuziwa dawa ya magugu, nikapuliza, yakafa, ila mahindi hayakupona. Wazee wanasema shamba limetupiwa kitu, na maneno yameanza kumwelekea bibi mmoja mjane ambaye ng'ombe wake hupita shambani kwangu wakati wa kiangazi. Mimi sipendi maneno hayo, lakini sina jibu la kuwapa. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema kayongo ni kama kupe, inanyonya. Nikamuuliza: mbona ina majani ya kijani kama mmea mwingine wowote? Mmea unaoweza kujipikia chakula unaibaje, na ulianzaje tabia hiyo? Hapo hata yeye alikwama. Je, nibadili zao, niliache shamba lipumzike, au kuna dawa?"

Mwalimu, nashukuru kwa kuandika kwa kina namna hii. Dalili ulizozitaja, na mpangilio wake, zinanipa uhakika mkubwa kwamba unapambana na kiduha. Kwa rangi ya maua na kwa mahali ulipo, ni kile ambacho jina lake la kitaalamu ni Striga hermonthica. Ana ndugu yake mfupi mwenye maua madogo mekundu, Striga asiatica, ambaye naye yumo nchini. Unachokosa si bidii. Umepalilia na umetumia pesa, tatizo ni kwamba vita umevipigana juu ya ardhi wakati adui yuko chini.

Lakini kabla ya mahindi nizungumzie yule bibi, kwa sababu jambo lake halisubiri msimu. Hakuna mtu aliyekutupia kitu. Mbegu ya kiduha ni laini kama ugoro, upana wake ni kama robo ya milimita. Inasafiri na maji ya mvua yanayotiririka, na upepo, na tope lililoganda kwenye jembe la kuazima au chini ya ndala, na mbegu za mahindi au mtama zilizonunuliwa sokoni. Inasafiri pia na kwato na samadi, ndiyo, lakini za ng'ombe wa kila mtu, pamoja na wako na wa baba yako enzi zake. Na ule msimu wa kwanza ulipokiona kiduha kimechanua, huenda mbegu zilikuwa zimelala udongoni miaka mingi. Huwezi kumtaja aliyezileta, kama usivyoweza kumtaja aliyeleta vumbi. Nasema haya mwanzoni kwa sababu Kanda ya Ziwa tumezika bibi wengi waliouawa kwa maneno yaliyoanza hivihivi, taratibu, kwenye kikao cha jioni.

Wazee wenyewe wasidharauliwe. Wameona sawasawa, ila wamekosea sababu. Wameona zao linadhoofika kwanza, bila mdudu na bila ukame, na gugu linachomoza baadaye, madhara yakiwa yameshatokea. Ukiona hivyo kwa macho tu, ni lazima utafute mkono usioonekana. Si huku peke yake watu walifikia wazo hilo. Neno Striga lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mchawi wa kike, na Wazungu wanaliita gugu la wachawi mpaka leo.

Mkono huo usioonekana unaweza kuuonyesha. Chagua mche mmoja wa umri wa wiki tano au sita, unaoanza kugeuka njano, mahali ambapo kiduha hakijachomoza bado. Chimba kwa koleo kuuzunguka, utoe pamoja na bonge lake lote la udongo, uuloweke kwenye ndoo ya maji kwa saa moja au zaidi, kisha usuuze polepole bila kuvuta. Kwenye mizizi utaona vichipukizi vyeupe, vyenye magamba badala ya majani, vimeng'ang'ania. Hao ndio viduha kabla ya kuona jua. Nimelifanya zoezi hili mbele ya wanakijiji mara kadhaa, na kila mara kuna mzee anayeishika ile mizizi mkononi muda mrefu bila kusema neno. Waite wazee wako. Waite na wanafunzi. Hilo ndilo jibu la kuwapa.

Sasa, vichipukizi hivyo vilifikaje pale? Fikiria punje ya hindi: imebeba chakula cha kutosha mche uishi siku kadhaa kabla ya kujitegemea. Mbegu ya kiduha haina akiba ya namna hiyo. Ikiota, kimzizi chake kinarefuka milimita chache tu, na kisipogusa mzizi wa mmea wa kukinyonyesha ndani ya siku chache, kinakufa. Kwa hiyo haiwezi kuota kwa kubahatisha. Inahitaji kwanza unyevu na joto kwa wiki moja au mbili ili iwe tayari, na baada ya hapo inasubiri ishara. Isipoipata, inalala tena, na inaweza kulala hivyo zaidi ya miaka 10.

Ishara hiyo ni harufu, kama mmea unaweza kusemwa unanusa. Mizizi ya mimea hutoa udongoni kemikali ziitwazo strigolaktoni, kwa kiasi kidogo mno. Ya kwanza kutambuliwa ilitolewa kwenye mizizi ya pamba huko Marekani mwaka 1966. Kwa karibu miaka 40 baada ya hapo watafiti walibaki na fumbo: kwa nini mmea umpigie adui yake mbiu? Jibu lilipatikana mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba mbiu ile haikukusudiwa adui. Inamwita rafiki. Udongoni kuna kuvu waitwao maikoriza, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaoingia kwenye mizizi na kuupelekea mmea fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Nao mmea huwalipa sukari. Mmea ukikosa fosforasi, unatoa strigolaktoni nyingi zaidi, yaani unapaza sauti. Kiduha amejifunza kusikiliza sauti hiyohiyo.

Naomba usimame hapa kidogo, kwa sababu mengi nitakayokushauri yanatoka kwenye jambo hili. Mahindi yako yanalia njaa ili rafiki aje, na anayesikia ni mwizi. Ndiyo maana kiduha hushamiri kwenye mashamba yaliyolimwa nafaka mfululizo bila kurudishiwa chochote. Si kwamba ardhi imekufa. Ardhi ina njaa, na njaa hiyo ndiyo inayoziamsha mbegu zilizolala.

Kimzizi kikishaota na kuukaribia mzizi wa hindi, kinapokea kemikali nyingine zinazotokana na mzizi wenyewe, za jamii ya kwinoni. Ndani ya saa chache ncha yake inaacha kurefuka, inavimba, na kugeuka kiungo ambacho wataalamu hukiita haustoria. Mimi nitakiita kinyonyeo. Kinyonyeo hupenya kati ya seli za mzizi wa hindi mpaka katikati, kinajiunganisha na mirija ya zailemu inayopandisha maji na madini, na kuanzia hapo mimea miwili inakunywa kwa mrija mmoja. Wiki kadhaa zinazofuata kiduha anaishi gizani, mweupe, akitegemea kila kitu kutoka kwa hindi. Hizo ndizo wiki ambazo shamba lako linageuka njano nawe huoni kitu.

Binti yako basi amepatia aliposema kupe, na wewe umeuliza vizuri kuhusu majani. Kiduha akichomoza anageuka kijani na anajipikia chakula kweli, ila kidogo. Vipimo vilivyofanywa kwenye mtama vilionyesha kwamba karibu theluthi ya kaboni ya kiduha ilitoka kwa mtama aliokuwa ameushika. Maji na madini yote ni ya kuibiwa. Ili maji yaelekee kwake badala ya kupanda kwenye hindi, kiduha huacha vinyweleo vya majani yake, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa na mvuke, wazi, hata wakati hindi limefunga vya kwake kwa sababu ya kiu. Ni kama nyumba mbili zenye bomba moja, na moja haifungi koki usiku wala mchana. Ile ishara ya kiu inayoiambia mimea mingine ifunge vinyweleo, kwake haifanyi kazi sawasawa. Hii ndiyo sababu mahindi yako yananyauka juani ingawa udongo una unyevu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, na linanisikitisha kila ninapoliona shambani: sehemu kubwa ya hasara haitokani na kilichoibwa. Hindi lililoshikwa hupunguza upishi wake lenyewe. Majani yake yanatengeneza sukari kidogo, shina linadumaa, na nguvu inaelekezwa mizizini. Kiduha mdogo kuliko kidole anaweza kulidumaza hindi ambalo uzito wake ni mara nyingi ya wa kwake. Kwa hiyo dawa uliyopuliza, ambayo nadhani ni ya kuua magugu ya majani mapana, ilifanya kazi yake. Iliua kilichoonekana, wakati hindi lilikuwa limeshaharibika wiki nyingi kabla. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nije kwenye swali la ulianzaje, ambalo nilifurahi kuliona kwenye barua ya mkulima. Kwanza, kiduha si pekee. Kuna aina zipatazo 4,500 za mimea ya maua inayonyonya mimea mingine, yaani kama moja katika kila mia, na tabia hiyo imezuka kwa nyakati tofauti, kwenye koo tofauti zisizohusiana, takribani mara 12. Lugha yetu yenyewe inaijua baadhi. Kirukia, anayepandwa na ndege kwenye matawi ya miembe, ni mmojawapo. Yuko ukoo mpana mmoja na msandali wetu wa porini, Osyris lanceolata, mti unaokatwa kwa magendo kwa ajili ya mafuta yake. Wengi wanaoukata hawajui kwamba mizizi yake inanyonya mizizi ya miti jirani, na kwamba ndiyo maana ni mgumu kuuotesha peke yake. Ukienda pwani utaona mlangamia umefunika vichaka vya ufukweni kama nyuzi za rangi ya chungwa. Huo ni wa jamii ya mparachichi na mdalasini. Kuna mwingine unaofanana nao kama pacha, Cuscuta, unaofunika uzio wa maua mijini, na huo ni wa jamii ya viazi vitamu. Sura moja, mbinu moja, koo mbili zilizo mbali kabisa. Na huko Sumatra kuna Rafflesia arnoldii, lenye ua moja linalofikia upana wa karibu mita moja, lisilo na jani wala shina, linaloishi ndani ya mti mtambazi mpaka siku ya kuchanua. Kwa aina mojawapo ya Rafflesia watafiti walitafuta vinasaba vya kloroplasti, ile jiko la majani, na hawakuvikuta. Jiko limevunjwa na matofali yake hayapo.

Hakuna mmea uliolala ukiwa mwenye kujitegemea ukaamka mwizi. Ukoo wa kiduha, Orobanchaceae, unatuonyesha hatua zenyewe kwa binamu walio hai leo. Yupo Lindenbergia, asiyenyonya mtu. Yupo Triphysaria wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, anayeweza kuishi peke yake lakini akikuta mzizi wa jirani anaushika. Yupo kiduha, mwenye majani ila hawezi kuishi bila wa kumnyonyesha. Na yupo Orobanche, anayeharibu maharage na nyanya kuanzia nchi za Mediterania hadi Sudan na Ethiopia, asiye na ukijani hata kidogo. Hao si babu na wajukuu, wote ni binamu, lakini ukiwapanga utaona njia ambayo huenda ukoo ulipita: kwanza kuongezea, kisha kutegemea, mwisho kuacha kupika kabisa. Kiungo usichokitumia hakilindwi. Kikiharibika hakuna hasara, na vizazi vinasonga mbele bila hicho.

Zana za wizi nazo hazikuumbwa upya. Vinasaba vingi vinavyojenga kinyonyeo vinaonekana kuazimwa kutoka kazi za kawaida za mmea, kwa mfano ule mrija wa chavua unaopenya kwenye ua kulifikia yai. Kupenya tishu ya mwingine bila kuiua ni ufundi ambao kila mmea wa maua anao. Na pua ya kiduha ina asili ya ajabu zaidi. Mimea mingi ina kipokezi kiitwacho KAI2, ambacho huziwezesha mbegu kutambua kemikali za moshi, ili ziote baada ya moto wa nyika kupita na kuacha nafasi wazi. Kwa kiduha, kinasaba hicho kilijirudufu mara nyingi, na nakala zikabadilika mpaka zikawa zinatambua strigolaktoni. Mwaka 2015 ndipo watafiti walipolionyesha hilo waziwazi. Pua iliyokuwa ya kunusa moshi imegeuzwa ya kunusa njaa ya jirani.

Historia hii ina faida kwako moja kwa moja. Kiduha cha zambarau kinadhaniwa kilitokea kaskazini mashariki mwa Afrika, eneo la Sudan na Ethiopia, ambako ndiko pia mtama ulikofugwa na binadamu. Mtama na kiduha wamekabana koo maelfu ya miaka, kwa hiyo ndani ya mtama zimo mbegu zilizojifunza kujihami. Mahindi ni mgeni: yalitoka Amerika, na hayajamaliza miaka 600 katika bara hili. Yalikuta adui ambaye babu zao hawakuwahi kumwona. Gebisa Ejeta, mwanasayansi wa Ethiopia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue na kupewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alijenga sifa yake kwa kutafuta mitama hiyo yenye kinga. Baadaye ilijulikana jinsi baadhi yake inavyofanya: inatoa strigolaktoni ya umbo tofauti kidogo, ambayo kuvu rafiki bado wanaisikia lakini kiduha haisikii vizuri. Hapa Tanzania aina mbili za mtama zilizotokana na kazi ya namna hiyo, Hakika na Wahi, zilipitishwa mwaka 2002.

Sasa tuingie shambani. Adui yako halisi ni akiba ya mbegu iliyo udongoni. Kiduha mmoja anaweza kumwaga mbegu 50,000, na wengine huzidi hapo sana. Fanya hesabu na wanafunzi wako: mimea kumi tu ikikomaa kwenye ekari moja, ni mbegu nusu milioni, zaidi ya 120 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kung'oa kuna maana, ingawa hakuokoi mahindi ya msimu huu. Unang'oa kwa ajili ya miaka ijayo. Ng'oa kabla maua hayajafungua au mara tu yakianza, na rudia kila wiki hadi baada ya kuvuna, maana kiduha hachomozi chote siku moja. Huenda ndiyo sababu palizi zako tatu hazikutosha: zilikoma kabla hakijakoma. Kilichokwisha kuchanua usikiache shambani wala usikitupe kwenye mboji. Kitoe, kikaushe mahali pamoja, ukichome.

Kuliacha shamba lipumzike mwaka mmoja au miwili sikushauri. Mbegu zitalala tu, na nyasi za porini zikiota zinaweza kukilisha kiduha. Afadhali uliweke kazini na mazao yanayomdanganya. Pamba, soya, karanga, kunde na alizeti hutoa mbiu ileile, mbegu zinaamka, lakini kiduha hiki cha nafaka hakiwezi kujishikiza kwao ipasavyo, na kimzizi kinakufa njaa. Pamba ambayo mizizi yake ndiyo iliyotufunulia strigolaktoni, nyinyi wa Mara mnaijua tangu zamani. Kuwa mwangalifu tu usihame kutoka mahindi kwenda ulezi, uwele, mpunga wa nchi kavu au mtama wowote usio na kinga, ukidhani umebadili zao. Kwa kiduha zote ni meza ileile.

Njia ninayoiamini kuliko zote kwa shamba la ukubwa wako ni ile ya sukuma-vuta. Ilianzia ng'ambo tu ya mpaka wenu, kwenye kituo cha ICIPE, shirika la kimataifa la utafiti wa wadudu, kilichopo Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, katika miaka ya 1990. Watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan walikuwa wakitafuta mmea wa kuwafukuza nondo wa bungua, wale wanaotoboa mabua. Walipopanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi waligundua kiduha nacho kinapungua. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali za aina mbili: baadhi zinaziamsha mbegu za kiduha, nyingine zinakizuia kimzizi kukua na kushika. Mbegu inaitwa iamke kisha inafungiwa mlango. Juu ya hayo desmodiamu ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo kwa naitrojeni, inaufunika usikauke, na ni lishe nzuri ya mbuzi na ng'ombe. Pembezoni unapanda majani ya tembo au brakiaria kuwavuta nondo watoke kwenye mahindi.

Nisikufiche ugumu wake. Mbegu za desmodiamu ni ghali na si kila duka linazo. Msimu wa kwanza inaota polepole, inahitaji palizi ya mkono kwa uangalifu, na utaona mabadiliko madogo. Wengi hukata tamaa hapo. Pia ni mmea wa kudumu, kwa hiyo lazima shamba lilindwe dhidi ya mifugo wakati wa kiangazi, na hili linakurudisha kwa jirani yako mwenye ng'ombe. Mfuate kwa heshima, mkubaliane njia ya kupita, na umwahidi mzigo wa majani desmodiamu ikistawi.

Kuhusu dawa: Kenya yamewahi kutolewa mahindi yaliyopakwa kiuagugu cha imazapyr kwenye punje, kwa jina la Ua Kayongo. Mahindi hayo yamezalishwa yaivumilie dawa hiyo, nayo inamuua kiduha anapojaribu kushika. Inafanya kazi, lakini usinunue mbegu za kuvushwa mpakani kwa mfuko usio na lebo, na usiipake dawa hiyo kwenye mahindi ya kawaida, utayaua. Ukipanda mbegu za namna hiyo, nawa mikono kabla ya kushika mbegu za maharage. Na ile dawa uliyopuliza, usiitumie tena palipo na kunde, soya au desmodiamu. Kule Carolina, Marekani, Striga asiatica alipogunduliwa mwaka 1956 serikali iliingia vitani kwa karantini, viuagugu, na hata gesi ya ethilini iliyosindikwa udongoni kuamsha mbegu zife. Walifanikiwa kwa sehemu kubwa sana, baada ya miongo kadhaa na fedha ambazo mkulima mmoja hawezi kuziota. Njia yetu ni ya polepole zaidi, ila iko ndani ya uwezo wetu.

Na ulishe udongo. Samadi iliyooza vizuri kwa joto, si mbichi, kwa sababu mbegu za kiduha zinaweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Ongeza mbolea yenye fosforasi wakati wa kupanda na ya naitrojeni ya kukuzia. Shamba lenye njaa kidogo hulia kidogo. Mbolea peke yake haitamaliza tatizo, hasa ukiweka kiasi cha kugusia tu, lakini bila hiyo mengine yote yanachechemea.

Ningekuwa mimi, ningeigawa ekari moja na nusu mara tatu. Nusu ekari iliyo mbaya zaidi ningeipanda soya au pamba misimu miwili mfululizo. Nusu ya pili, iliyo karibu na nyumba, ningeifanya sukuma-vuta, maana inahitaji jicho la kila siku. Ya mwisho ningeiweka mtama wenye kinga kama Hakika, ili chakula kisikosekane wakati nasubiri. Usitegemee aina moja ya mbegu milele. Maua ya kiduha hiki huchavushwa na wadudu kutoka mmea hadi mmea, kwa hiyo watoto wake hutofautiana sana, na hatimaye atapatikana mmoja anayeipita kinga. Msimu wa nne au wa tano ndipo utakapoona tofauti kubwa.

Ukisuuza mizizi usikute vichipukizi vyeupe, basi nimekosea, na unahitaji mtu afike shambani. Njano inaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, au ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi kuanzia majani ya juu, ambao ulithibitishwa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka uliofuata. Mwite afisa ugani wa kata kabla ya kununua chochote. Akishindwa, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru pale Mwanza kinaweza kukuelekeza kuhusu mbegu na upimaji wa udongo. Na kuhusu bibi: ukisikia vitisho, hata vya mzaha, nenda kwa mtendaji wa kijiji au polisi siku hiyohiyo, usisubiri zoezi la ndoo.

Ukipeleka sampuli ya kiduha kwa mtaalamu, chukua kilicho kichanga, kisichokuwa na vidonge vya mbegu vilivyokauka, ukifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyotoboka. Kidonge kimoja kikipasukia kwenye bodaboda, kila shamba kando ya barabara hiyo linaweza kupata mgeni wake.